Elkhart, Indiana: mji unaotangulia kuumwa na kutangulia kupona

Kaskazini mwa jimbo la Indiana, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Chicago, iko kaunti ya Elkhart. Ina wakazi zaidi ya 200,000, na karibu nusu ya ajira zake ni za viwandani, ilhali kwa Marekani nzima ajira za viwandani hazifiki moja kati ya kumi. Kinachotengenezwa huko kuliko kitu kingine ni nyumba za magurudumu, zile ambazo Wamarekani huziita RV. Chache zina injini zake zenyewe. Nyingi, takribani tisa kati ya kumi, ni trela zenye kitanda, jiko na choo, zinazovutwa na pikapu. Ukiona trela ya namna hiyo popote Marekani, uwezekano mkubwa ni kwamba iliundwa Elkhart au katika miji jirani ya Goshen, Middlebury, Nappanee na Wakarusa.

Wachumi wanautazama mji huu kwa sababu ambayo haihusiani na likizo wala kambi za porini. RV ni bidhaa ambayo hakuna familia inayolazimika kuinunua mwaka huu. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, hununuliwa kwa mkopo wa miaka mingi, na hula mafuta. Mtu akianza kuhofia kazi yake au marejesho ya mkopo wa nyumba, hili ndilo jambo la kwanza kuahirisha. Akianza kupumua, ni miongoni mwa ya kwanza kurudi. Ndiyo maana kila mdororo wa uchumi unaponukia, waandishi wa habari na hata marais hupanda ndege kwenda Elkhart.

Katika uchambuzi huu naonyesha kwamba kipimo hicho ni cha kweli, ila kinapima kitu tofauti na kile ambacho wengi wanadhani. Kisa cha miaka ya 2020 hadi 2024 kimelidhihirisha hilo kuliko wakati mwingine wowote.

Rekodi ya kipimo

Biashara hii ilianza Elkhart katika miaka ya 1930, pale watu kama Milo Miller na Wilbur Schult walipoanza kuunda na kuuza trela katikati ya ule mdororo mkuu. Ujuzi ulizaa ujuzi. Fundi aliyejifunza kwa tajiri alitoka akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara. Wakafuata watengenezaji wa fremu, madirisha, magodoro, mabomba na makabati, wote wakiwa karibu kiasi kwamba kiwanda kinaweza kuagiza kitu asubuhi kikaletwa mchana. Leo makampuni matatu yanashika soko karibu lote: Thor Industries, yenye makao yake Elkhart, Forest River, iliyonunuliwa na Berkshire Hathaway ya Warren Buffett mwaka 2005, na Winnebago, ambayo ingawa chimbuko lake ni Iowa, ilinunua kiwanda cha Grand Design cha Middlebury mwaka 2016.

Sasa tazama idadi ya RV zilizotoka viwandani kwenda kwa wauzaji, kwa hesabu za chama cha sekta yenyewe. Mwaka 1978 zilikuwa 389,900. Bei ya mafuta ikapanda, riba ikapanda, na mwaka 1980 zikabaki 107,200, huku Marekani ikiingia kwenye mdororo Januari mwaka huo huo. Mwaka 1999 zilikuwa 321,200. Mwaka uliofuata zikashuka hadi 300,100, na mdororo ukaja Machi 2001. Mwaka 2006 zilikuwa 390,500. Zikashuka 2007, zikaporomoka 2008, na mwaka 2009 zikafika 165,700 tu. Mdororo ule mkubwa ulihesabiwa kuanza Desemba 2007, kwa hiyo Elkhart ilikuwa imeshaanza kutapatapa kabla Wall Street haijakiri kuwa kuna tatizo.

Maumivu ya kipindi kile hayakuwa ya kwenye makaratasi. Barack Obama alipofika Elkhart tarehe 9 Februari 2009, wiki chache tu baada ya kuapishwa, aliwaambia watu waliojaa katika shule ya sekondari ya Concord kwamba ukosefu wa ajira wa eneo lao ulikuwa umepanda kutoka asilimia 4.7 hadi zaidi ya asilimia 15 ndani ya mwaka mmoja. Mwezi uliofuata uligusa takribani asilimia 20, yaani mtu mmoja katika kila watano wanaotaka kazi hana kazi. Agosti alirudi, safari hii Wakarusa, kutangaza dola bilioni 2.4 za ruzuku kwa betri na magari ya umeme. Mapema 2010 kampuni ya Think kutoka Norway ikatangaza kuwa itaunda magari yake madogo ya umeme Elkhart na kuajiri mamia ya watu. Juni 2011 Think ilifilisika.

Kilichoiokoa Elkhart ni trela zile zile zilizoizamisha. Riba ilishushwa karibu na sifuri, mafuta yakawa nafuu, mikopo ikafunguka, na kufikia 2017 viwanda vilitoa RV 504,600, rekodi mpya. Obama aliporudi Concord tarehe 1 Juni 2016, ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 4. Mji ulipona haraka kuliko nchi, lakini ulipona bila kubadilika, na hilo ndilo linalonisumbua. Miaka saba ya neema ilikuwa nafasi ya kupanua msingi wa uchumi wake. Badala yake waliongeza majengo ya kuundia trela.

Mara mbili kipimo kilipotoa king'ora bila moto

Mwaka 2018 idadi ilianza kushuka, na 2019 ikafika 406,100, yaani imeshuka kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na 2017. Magazeti yakaandika kwamba mdororo unakuja. Lakini mnunuzi wa kawaida hakuwa amekimbia. Wenye yadi, yaani wauzaji wanaozinunua trela kiwandani na kuzipanga uwanjani zikisubiri wateja, walikuwa wameagiza kupita kiasi mwaka 2017, yadi zikajaa, wakasitisha kuagiza mpaka wamalize walizonazo. Juu ya hapo, ushuru wa mwaka 2018 wa asilimia 25 kwa chuma cha nje na asilimia 10 kwa aluminiamu uliongeza gharama kwa kiwanda ambacho bidhaa yake ni fremu ya chuma iliyovalishwa mabati ya aluminiamu. Mdororo wa 2020 ulikuja kweli, ila uliletwa na virusi. RV hazikuutabiri.

Kisha likaja kubwa zaidi. Aprili 2020, viwanda vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ukosefu wa ajira Elkhart ulifika karibu asilimia 30. Wiki chache baadaye simu zikaanza kulia. Ndege zilikuwa hatari, hoteli zilikuwa hatari, ofisi zilikuwa zimefungwa, na serikali ilituma hundi za dola 1,200, na baadaye 600, kisha 1,400 kwa kila mtu mzima mwenye sifa. Benki Kuu ilikuwa imeshusha riba hadi karibu sifuri. Familia ambazo hazijawahi kuota kulala kwenye trela zikaamua kwamba hiyo ndiyo njia ya kusafiri bila kukaa karibu na mgeni. Yadi zikabaki tupu. Mwaka 2021 viwanda vilitoa RV 600,240, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla wala baada. Kufikia mwisho wa mwaka huo ukosefu wa ajira Elkhart ulikuwa chini ya asilimia 2, na viwanda vilikuwa vinanyang'anyana wafanyakazi kwa bonasi.

Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba ili kuzima mfumuko wa bei, ambao Juni mwaka huo ulifika asilimia 9.1. Iliipandisha mara 11, mpaka Julai 2023 riba yake ikawa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Katika Juni hiyo hiyo ya 2022, wastani wa bei ya petroli ulivuka dola 5 kwa galoni. RV zilizotoka viwandani zikashuka hadi 493,300 mwaka 2022, na 313,200 mwaka 2023. Ni karibu nusu ya zile za 2021, zimepotea ndani ya miaka miwili.

Kwa rekodi ya nyuma, anguko la namna hiyo lilipaswa kuja na mdororo wa nchi nzima. Haukuja. Mwaka 2023 uchumi wa Marekani ulikua kwa zaidi ya asilimia 2, na ukosefu wa ajira wa kitaifa ulikuwa chini ya asilimia 4 mwaka mzima.

Kinachopimwa hasa

Ili kuelewa kilichotokea, ingia kwenye vitabu vya mwenye yadi. Yeye hanunui trela kwa fedha zake. Benki humkopesha akazijaza yadini, naye hulipa riba kwa kila siku ambayo trela imekaa pale bila kuuzwa. Riba ikiwa ndogo, kujaza yadi hakumuumizi. Ikipanda, kila trela iliyosimama inamla.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwenye yadi anauza trela 10 kwa mwezi na hupenda kuwa na akiba ya miezi minne, yaani trela 40. Riba inapanda. Wanunuzi wanapungua, sasa anauza 8 kwa mwezi. Wakati huo huo, kwa sababu akiba imekuwa ghali, anaamua kubaki na ya miezi mitatu tu, yaani 24. Ana trela 16 za ziada. Atauza miezi miwili mizima bila kuagiza hata moja. Wateja wake wamepungua kwa asilimia 20, lakini kiwandani Elkhart maagizo yake yamepungua kwa asilimia 100. Zidisha hilo kwa yadi za nchi nzima. Mwelekeo ukigeuka, hesabu hiyo hiyo hufanya kazi kinyume: wateja wakiongezeka kidogo, kiwanda hufurika maagizo kwa sababu kila mwenye yadi anauza na kujaza akiba kwa mpigo.

Upande wa mnunuzi nao una hesabu yake. Mkopo wa dola 40,000 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 5 unahitaji marejesho ya takribani dola 316 kwa mwezi. Kwa asilimia 9 ni kama dola 406. Tofauti ya dola 90 kwa mwezi huonekana ndogo mpaka uijumlishe kwa miaka yote 15, ndipo unakuta zaidi ya dola 16,000 kwa trela ile ile.

Kwa hiyo Elkhart ni kipimajoto cha bei ya mkopo na cha akiba iliyolundikana yadini. Zamani, bei ya mkopo ilipopanda, ilibana karibu kila Mmarekani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kipimo hicho kilitosha kusomea hali ya nchi. Safari hii haikuwa hivyo. Mamilioni ya wenye nyumba walikuwa wameshafunga mikopo yao ya nyumba kwa riba ya chini isiyobadilika kabla ya 2022, na kupanda kwa riba hakukuwagusa. Waliobanwa ni wapangaji, vijana wanaotafuta nyumba ya kwanza, na wanaoishi kwa kadi za mkopo, ambazo madeni yake yalivuka dola trilioni 1 katikati ya 2023. Wastani wa kitaifa ulionekana mzuri kwa sababu wenye nafuu walikuwa wanatumia sana, hasa kwenye safari, mikahawa na matamasha. Fedha zilihama kutoka kwenye vitu kwenda kwenye huduma. Elkhart inauza vitu.

Hili ni jambo ambalo wanaosoma mwelekeo wa mlaji wa Marekani kwa wastani hawataliona. Benki Kuu yenyewe hulikubali kwa namna yake: mara 8 kwa mwaka hutoa ripoti iitwayo Beige Book, ambamo kila moja ya kanda zake 12 hueleza inachosikia kutoka kwa wafanyabiashara wake. Kaskazini mwa Indiana husomwa chini ya kanda ya Chicago. Anayetaka kujua uchumi huu unakokwenda afadhali asome kanda moja moja kuliko kusubiri tarakimu moja ya nchi.

Mzigo unapoangukia

Katika anguko la 2022 na 2023 hakukuwa na asilimia 20 ya watu waliokosa kazi Elkhart. Viwanda vilikumbuka jinsi ilivyokuwa vigumu kupata wafanyakazi mwaka 2021, vingi vikaona afadhali kupunguza siku za kazi kabla ya kupunguza watu. Wiki ya siku tano ikawa ya nne, kwingine tatu. Kwenye takwimu mtu huyo anahesabiwa ana kazi.

Lakini fahamu jinsi anavyolipwa. Viwanda vingi vya RV hulipa kwa idadi ya trela zinazomalizika. Kazi huanza alfajiri mapema, kundi linakimbia kufikisha hesabu ya siku, na likimaliza linaenda nyumbani mchana. Mwaka wa neema, fundi asiye na shahada huchuma kipato kinachomwezesha kununua nyumba na pikapu mpya. Mwaka wa ukame, trela zikipungua kwa nusu, kipato chake huporomoka pamoja nazo. Marejesho ya nyumba na pikapu hayapungui. Kwa maoni yangu huu ndio upande wa kisa hiki unaostahili hasira: hatari ya biashara nzima, kuanzia mwenye benki hadi mwenye yadi hadi kampuni yenye hisa sokoni, huishia kubebwa na mtu anayeshika bisibisi, na tarakimu rasmi ya ajira haimuoni.

Miongoni mwao ni Waamishi, jamii ya Kikristo inayoishi kwa kujitenga na teknolojia nyingi za kisasa na ambayo ina moja ya makazi yake makubwa kabisa Marekani katika kaunti za Elkhart na LaGrange. Ardhi ya kilimo ilipokuwa haba na ghali, wanaume wengi waliingia viwandani, na sifa yao ya useremala ikawafanya watafutwe. Watu wasiomiliki magari wamekuwa nguzo ya kiwanda cha starehe ya barabarani, na kila riba inapopanda Washington baadhi yao hurudi kwenye karakana ndogo za fanicha na bidhaa za farasi.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili, kisa hiki hakiko mbali kama ramani inavyoonyesha. Riba ile ile iliyosimamisha trela Elkhart ndiyo iliyovuta dola kurudi Marekani na kuifanya ghali kwetu. Shilingi ya Kenya, ambayo mwanzoni mwa 2022 ilikuwa takribani 113 kwa dola, ilifika kama 160 Januari 2024, wakati serikali ikihangaika na deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni mwaka huo. Pia wapo ndugu zetu wenyewe huko: mwaka wa fedha wa 2016 wakimbizi kutoka Kongo ndio walioongoza kwa idadi ya waliopokelewa Marekani, na wengi wao waliopelekwa katika majimbo ya kati walianzia kwenye kazi za viwandani na maghalani. Wiki ya siku tatu kwa mtu wa namna hiyo inamaanisha fedha kidogo zinazofika Bukavu au Kigoma.

Mbele kuna nini

Mwaka 2024 viwanda vilitoa RV 333,700, ongezeko dogo juu ya 2023, na Benki Kuu ilianza kushusha riba Septemba mwaka huo. Hata hivyo naona mambo matatu yanayofanya safari hii kupona kuwe kwa polepole kuliko baada ya 2009.

La kwanza ni waliokwisha kununua. Mamia ya maelfu ya familia walinunua 2021 kwa bei ya juu kabisa. Trela hushuka thamani haraka, na wengi leo wanadaiwa kuliko mali yao inavyoweza kuuzwa. Mtu huyo hawezi kuibadilisha kwa mpya hata riba ikishuka, mpaka deni limpungukie.

La pili ni ushuru. Juni 2025 ushuru wa chuma na aluminiamu wa nje uliongezwa hadi asilimia 50. Kuta na dari za trela nazo hutumia plaiwudi nyepesi ya miti ya kitropiki kutoka Asia ya Kusini Mashariki, hasa Indonesia, ambayo Marekani haina mbadala wake wa karibu. Kiwanda kikipandisha bei, kinamfukuza mnunuzi anayehesabu dola 90 kwa mwezi. Kisipopandisha, faida inaisha. Sera iliyotangazwa kulinda viwanda inakandamiza kiwanda ambacho tayari kiko Marekani, kinachoajiri Wamarekani, na ambacho hakikuwa na mshindani wa nje wa kutisha.

La tatu ni Elkhart yenyewe, ambayo bado imeweka karibu kila kitu kwenye bidhaa moja. Wauzaji wakubwa wa vipuri, Patrick Industries na LCI, wamefanya la maana kwa kujipanua kwenye mashua na nyumba zinazoundwa kiwandani, lakini bidhaa hizo nazo hununuliwa kwa mkopo, kwa hiyo huanguka majira yale yale.

Anayefuatilia asiishie kwenye idadi ya RV zinazotoka kiwandani. Aiweke kando ya idadi zinazosajiliwa na wanunuzi wenyewe. Zinazosajiliwa zikizidi zinazotoka, yadi zinapungua na maagizo yako njiani. Zinazotoka zikizidi zinazosajiliwa kwa miezi kadhaa, hiyo ni neema ya kukopa, na siku za kazi zitapunguzwa. Kila Septemba wenye yadi kutoka nchi nzima hukusanyika Elkhart kuona trela za msimu ujao na kuweka oda. Oda hizo ndizo zinazoamua kama Januari fundi wa Middlebury atafanya kazi siku tano au tatu.